Mtoto Alikuwa Amelala

Njoro, Moshi
8 Februari 1998

Dada Ndelilio,

Shikamoo. Hapa kwangu tuko wazima, ila paa la jikoni linavuja kwa mvua hizi ambazo hazijui kwamba mwaka umebadilika, na mafua yanatuzungukia kwa zamu, akipona huyu anaanza yule. Mama huko Mamba anakusalimu. Mguu umepungua uvimbe, mdomo haujapungua kitu. Jumapili alinigombeza mbele ya mchungaji eti nimekonda, ninamwaibisha. Ng'ombe wake amezaa ndama jike na amempa jina lako, kwa kuwa hatulii sehemu moja. Kahawa ndiyo usiulize. Siku hizi kila mnunuzi anakuja na bei yake na mizani yake, na Mama anawafukuza wote, kisha analalamika kwamba hakuna mnunuzi. Na wewe huko Tunduru? Wajawazito wako wanakufikia zahanati, au barabara imekatika kabisa kama redio inavyosema?

Sasa nije kwa Elifuraha, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unajua nilivyofurahi binti yako alipopangiwa chuo chetu cha ualimu. Nilisema, mama yake mdogo ni mkufunzi palepale, atasumbuka nini? Muhula wa kwanza alikuwa mkimya tu, nikasema ndivyo alivyo. Lakini tangu arudi likizo ya Krismasi, kule Kirua kwa baba yake mdogo Aminieli, simwelewi. Anasinzia darasani. Mlango ukipigwa na upepo anaruka. Anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, nikimhamishia mbele, kesho yake yuko kulekule mwisho. Mimi nilidhani ni ukaidi.

Wiki iliyopita niliwapa insha, ile ya siku zote, "Siku Nisiyoisahau". Wewe uliiandika, mimi niliiandika, sidhani kama kuna mtoto nchi hii aliyemaliza shule bila kuiandika. Kila mmoja asome yake mbele ya wenzake. Elifuraha akaleta karatasi tupu. Nilikasirika, dada, tena kwa kuwa ni mwanangu nilikasirika zaidi, wasije wakasema ninampendelea. Nikamwambia, kama hujaandika, njoo useme kwa mdomo. Akaja. Akaanza, "Tulikuwa tunatoka..." basi, akakwama hapo. Alisimama jasho linamtiririka, na mimi nimekunja mikono, nangoja. Wenzake wakaanza kucheka. Akatoka nje. Hata hakukimbia, alitembea tu kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Tangu siku hiyo moyo wangu haujakaa sawa. Dada, nikuulize bila ubaya. Ile ajali ya shemeji Ebenezeri, mimi nilikuwa Korogwe masomoni, nilikuja kumzika nikaondoka. Siku zote ninaambiwa kwamba Elifuraha alikuwa ndani ya gari lakini alikuwa amelala, hakuona kitu. Ni kweli?

Mdogo wako,
Elisifa


Tunduru
2 Machi 1998

Elisifa,

Marahaba, mwalimu. Barua yako imefika imelowa chapachapa, nimeianika juu ya sufuria ninayochemshia vyombo vya kujifungulia, ndiyo maana itanukia dawa ikiwa nitakurudishia. Barabara ipo na haipo. Juzi mama mmoja aliletwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba na wanaume waliozama matope hadi mapajani, akajifungua hapohapo uani kabla sijamfungulia mlango. Mtoto wamemwita Elinino. Nimewaambia hilo ni jina la mvua, wakasema ndiyo, ndilo hilohilo tunalolitaka.

Mwambie Mama yule ndama akiwa na mdomo wa mwenye jina lake hatafika Krismasi, mtamchinja. Na wewe kula. Kukonda kwako kunanisumbua hata mimi niliye huku.

Umeuliza, nakujibu. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameshinda sikukuuni, amekula nyama, amechoka, akalala. Wazee walisema hivyo, polisi waliandika hivyo, na mimi ninakwambia hivyo.

Elifuraha anahitaji kusimamiwa, hahitaji kubembelezwa. Mimi hapa ninazalisha wasichana wadogo kuliko yeye, na kabla kitovu hakijakauka wako kisimani. Akisinzia mpe kazi. Akikataa kukaa mbele, kaa naye huko nyuma umwaibishe. Na kama ana mimba, niambie upesi, nisije nikaambiwa na watu wa basi.

Hayo ya mwaka themanini na tisa uyaache yalipo. Aminieli ndiye aliyekuwa akiendesha, ndiyo, na mbege alikuwa amekunywa. Lakini alikuja kwangu na wazee wa ukoo, ameshika jani la isale lililofungwa fundo, akapiga magoti mbele yangu mimi mwanamke. Nikalipokea. Wewe ni Mchaga kama mimi. Isale likishapokelewa, jambo limekwisha, halirudiwi kwa pombe wala kwa hasira wala kwa barua.

Nimemtumia sketi kwa mkono wa nesi anayekuja likizo. Ikimbana kiunoni, uifumue mwenyewe, yeye atakwambia inamtosha.

Dada yako,
Ndelilio


Njoro, Moshi
21 Machi 1998

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, na ndama mzima, wamegombana. Nesi alifika salama na sketi. Haikumbana, dada. Ilimpwaya. Ilibidi niikunje kiunoni mara mbili.

Hana mimba. Nilimuuliza, nikajionea aibu mwenyewe kwa jinsi alivyonitazama.

Nina jambo nimelifanya, na sijui nimefanya nini. Ile siku ya insha ilikuwa inanila. Nikasema, mimi ni mkubwa kwake lakini nimemdhalilisha mtoto wa dada yangu mbele ya watu, na kwetu tuna njia ya kusema hilo. Nikaenda uani nikakata jani la isale, nikalifunga fundo vizuri, nikampelekea bwenini. Mama kumpelekea mtoto isale, nani amewahi kuona? Nilijiona nimefanya jambo kubwa, sikufichi. Elifuraha akalitazama lile jani. Akasimama wima, akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimesamehe, mwalimu." Hakuniita mama mdogo.

Tangu hapo hali chakula. Matroni anasema anachukua sahani, anaizungusha, anampa mwenzake. Darasani yupo, ukimwita anaitika, ukimuuliza anakubali kila kitu.

Nilimweleza Mwalimu Vijaya, yule Mhindi anayefundisha saikolojia, aliyezaliwa hapahapa Moshi. Akaniuliza, "Angeweza kulikataa hilo jani?" Nikamwambia, we Vijaya, isale halikataliwi! Akasema, "Basi hukumwomba, ulimwamuru." Nilimnunia kutwa nzima. Nikasema, huyu wa mjini anajua nini habari za isale? Lakini jioni nikiwa napika nikaona amesema kweli, na chakula kikaungua.

Sasa lililo kubwa. Orodha ya mazoezi ya kufundisha imebandikwa. Elifuraha amepangiwa shule ya msingi ya Kirua, hatua chache kutoka kwa Aminieli, na imeandikwa atakaa kwa mzazi wake, yaani kwa Aminieli. Mkuu wa chuo aliona ni neema, mwanachuo kupata pa kulala nyumbani kwao. Elifuraha alikwenda ofisini kwake akasema neno moja, "Siendi." Mkuu akamuuliza sababu, akarudia lilelile. Asipokwenda, mazoezi yake yanahesabiwa sifuri, na hapo chuo ndiyo basi tena.

Mimi siwezi kumtetea, nitaambiwa ni undugu. Mkuu anasema mzazi akiandika kwamba mtoto asikae kule, atampangia shule ya mjini. Mistari miwili inatosha, dada. Usiseme sababu kama hutaki. Wanaondoka baada tu ya Pasaka. Nakuomba, nakuomba.

Elisifa


Tunduru
Alhamisi Kuu, 9 Aprili 1998

Elisifa,

Sijambo. Mvua imepungua. Watu wa hapa wazima.

Nani alikutuma umpelekee mtoto wangu isale? Nani, Elisifa? Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia usithubutu, na sasa inanibidi nikwambie nisichotaka kukwambia. Siku Aminieli alipokuja na wazee, nilipokwisha kulipokea lile jani, mzee mmoja alisema huyu marehemu hana mtoto wa kiume, mwenye damu yake ni huyu msichana, naye apokee, ili jambo lifungwe lisiache mlango. Wakamwita. Alikuwa amevaa sweta la shule. Wakamwekea jani mikononi, wakamwambia aseme, "Nimesamehe." Akasema. Wazee wakapiga makofi, wakasema huyu ni mtoto wa busara. Nilikuwepo.

Haya, sasa unajua. Usilitumie.

Kuhusu kumwandikia Mkuu, siandiki. Usinifikirie nina moyo wa jiwe. Wewe una mume, una watoto wa kiume wawili, huelewi ninasimama wapi. Kihamba alichorithi Ebenezeri kiko chini ya Aminieli mpaka wazee waamue vingine. Nyumba yangu iko pale. Kaburi liko pale, kati ya migomba niliyoipanda mimi. Nikiandika kwamba mtoto wangu asikae nyumbani kwa baba yake mdogo, barua inatoka kwa Mkuu inafika Kirua kabla wino haujakauka, na watasema Ndelilio amevunja isale. Baada ya hapo nikifa nitazikwa wapi, Tunduru?

Mwache aende. Ni wiki chache. Mke wa Aminieli ni mtu mwema, anapika vizuri, na Aminieli mwenyewe siku hizi hanywi, ameokoka, anaimba kwaya. Mwambie mama yake amesema aende.

Mle Pasaka kwa amani.

Ndelilio


Njoro, Moshi
30 Aprili 1998

Dada Ndelilio,

Shikamoo. Mama mzima. Sina habari nyingine za nyumbani, nisamehe, siwezi kuandika habari za ng'ombe leo.

Nilimfikishia Elifuraha maneno yako kama ulivyoyaandika, "mama yako amesema uende". Akasema, "Sawa." Akafunga begi. Nilitamani abishe, atupe kitu, anitukane hata. Sawa tu.

Wiki ya kwanza alifundisha. Mwalimu mkuu wa kule anasema alifundisha vizuri, watoto walimpenda, hakuwa akiwapigia kelele. Jumatatu mvua ilikuwa kubwa. Aminieli akamwambia, mwanangu hutatembea kwenye matope haya, panda nikupeleke. Nadhani alikuwa na nia njema. Ana pikapu nyingine sasa, nyeupe. Elifuraha akapanda, kwa kuwa ni mtoto wa kutii. Walipofika kwenye ile kona ya korongo alipofia shemeji, unaijua wewe kuliko mimi, akafungua mlango akajitupa nje, gari linatembea.

Yuko hai. Nakuandikia upesi kabla hujaanguka, yuko hai, amevunjika mkono wa kushoto na amechubuka uso upande mmoja. Amefungwa plasta, yuko hapa kwangu, amelala chumba cha wavulana, nimewahamishia sebuleni. Mlango wake hatuufungi.

Watu wa Kirua wanasema aliteleza. Aminieli ndiye aliyeanza kusema hivyo. Mimi nilimuuliza, kwa upole, dada, nilijifunza adabu safari hii. Nilimwambia si lazima unijibu. Nikamenya ndizi zote za mtori. Halafu akasema, "Mama anasema nililala. Basi nililala."

Chuo kimeandika kwamba ametoroka mazoezi. Baraza la chuo litakaa katikati ya Juni, na Mkuu ameniambia waziwazi kwamba bila neno la mzazi hana cha kumsaidia. Lakini mimi siogopi baraza tena. Ninaogopa kumwacha peke yake nikienda sokoni. Nimeficha vidonge vya presha ambavyo Mama aliviacha hapa. Nimeficha kisu cha kumenyea, halafu nikashindwa kukipata mwenyewe.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, tena sikuulizi kama mdogo wako, nakuuliza kama mtu mwenye mtoto wako chini ya paa lake. Alilala au hakulala?

Elisifa


Njoro, Moshi
24 Mei 1998

Dada,

Shikamoo. Umenyamaza. Nimekwenda posta mpaka yule dada wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa. Nimempigia simu padri wa misheni ya huko, amesema mko wazima, uko kazini, umezalisha mapacha. Basi barua yangu umeipata.

Sikuandiki kukusuta. Nimechoka tu, na sina mwingine wa kumwambia.

Plasta itatolewa karibuni. Anakula kidogo, asubuhi zaidi. Hataki kuulizwa "unajisikiaje", hilo nimeligundua. Ukimuuliza "nikuletee uji au chai", anajibu. Anataka kuchagua. Basi nyumba nzima siku hizi tunamuuliza vitu vidogo vidogo, mpaka mume wangu juzi akamuuliza dirisha liwe wazi au nusu, yeye ambaye hajawahi kumuuliza mtu kitu tangu nimeolewa naye.

Darasani nimeacha ile insha. Nimewaambia wanachuo wangu, andikeni siku yoyote mnayotaka, ya kweli au ya kubuni, na asiyetaka kusoma mbele asisome, aniletee mimi tu, au asilete. Nilidhani watakuwa wavivu. Wee! Waliandika kurasa na kurasa. Kijana mmoja, Primus, yule mcheshi, aliyeongoza kumcheka Elifuraha siku ile, ameniandikia jinsi alivyomuuguza mama yake mpaka mwisho, peke yake, kwa kuwa ndugu waliogopa ugonjwa. Amenikabidhi karatasi akakimbilia mpirani. Dada, nimefundisha miaka yote hii. Nilikuwa nafundisha akina nani?

Mkuu hapendi. Anasema nalea watoto badala ya kutengeneza walimu. Baraza linakaa tarehe 15 Juni.

Nasubiri.

Elisifa


Tunduru
2 Juni 1998

Elisifa mdogo wangu,

Marahaba zote ulizonipa na sikuziitikia. Sisi hapa ni wazima. Nimeanza barua hii mara nyingi, karatasi nimewashia jiko.

Hakulala.

Mimi sikupanda gari lile, nilitangulia kwa miguu na wanawake wenzangu kwa sababu ya mtoto wa jirani aliyekuwa na homa. Tulisikia kishindo. Nilifika korongoni kabla ya wanaume. Aminieli alikuwa amekaa kwenye majani anatapika. Gari lilikuwa limelala ubavu. Ebenezeri alikuwa ndani, amebanwa, na Elifuraha alikuwa amebanwa pamoja naye, amemshika mkono wa shati. Macho yake yalikuwa wazi, makavu. Akaniambia, "Mama, baba alikuwa anaongea, sasa ameacha." Nami nikamwambia, "Nyamaza mwanangu, ulikuwa umelala, unaota."

Ndivyo nilivyomwambia. Nilitaka iwe ndoto. Halafu polisi wakaja, nikaogopa watamhoji, mtoto wa umri ule, watamuuliza baba yako alisema nini, baba yako mdogo alikuwa amelewa, nikasema mbele yao alikuwa amelala. Nililisema neno lile kumkinga yeye. Wazee wakalichukua, likaenda kumkinga Aminieli. Na mimi nikaliacha liende, kwa kuwa kila lilipokwenda lilirudi na amani, na nilikuwa mjane.

Nikakimbilia huku mwisho wa nchi kupokea watoto wa watu, na wangu nikamwachia korongo. Kila alipokuja likizo huku nilikuwa namwona anataka kusema, nikimtuma maji. Nikimtuma chumvi. Sijawahi kununua chumvi nyingi kama likizo zile.

Barua ya Mkuu wa chuo hii hapa, imo ndani ya bahasha, nimesema wazi kwamba mwanangu alikuwa macho katika ajali iliyomuua baba yake, kwamba dereva ni yule mliyempangia akakae kwake, na kwamba kosa la kumtuma ni langu, si lake. Ya Aminieli nimeituma moja kwa moja, usihangaike nayo. Sikumtukana. Nimemwambia nilichosamehe mimi nimesamehe na ninakishika. Cha mtoto hakikuwa changu kukitoa, wala cha wazee.

Hii yako msomee Elifuraha, au mpe asome mwenyewe. Muulize anachotaka, si umesema anataka kuchagua. Akitaka kuichana, mwache aichane.

Ninaogopa, Elisifa. Siogopi kihamba. Ninaogopa kwamba nimechelewa.

Ndelilio


Njoro, Moshi
20 Juni 1998

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Bahasha ilifika tarehe 12, nikatoka posta nikikimbia, na mimi unajua nisivyojua kukimbia.

Nilimuuliza, nikusomee au utasoma? Akaichukua. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mama anajua nilikuwa macho? Siku zote alijua?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini, palepale kizingitini, akalia kwa sauti, dada, majirani wakatoka. Sikumwambia anyamaze. Sikumshika mpaka aliponinyooshea mkono mwenyewe, ule uliotoka kwenye plasta, mwembamba kama wa mtoto.

Alipotulia alianza kusema, bila kuulizwa. Nakuandikia kama alivyosema, naye ameniruhusu.

Anasema gari lilipotulia baba yake alikuwa hai. Alimwambia, "Elifuraha, usilale. Ukilala baridi itakuchukua." Akawa anamwambia amtajie majina ya wanafunzi wenzake darasani, mmoja mmoja. Akitaja, baba anasema, mwingine. Alipomaliza darasa lake, baba akamwambia ataje la binamu zake. Sauti ya baba ikawa ndogo, lakini anasema, mwingine, usilale. Mpaka hakusema tena. Naye akaendelea kutaja peke yake, kwa kuwa aliambiwa asilale, mpaka ulipofika.

"Nilimtii baba," anasema. "Sikulala. Halafu kila mtu akasema nililala."

Hayo ndiyo maneno yake.

Baraza lilikaa. Mkuu aliisoma barua yako, akavua miwani, akasema mwanachuo huyu atarudia mazoezi muhula ujao shule ya hapa Njoro, atakaa anapotaka. Vijaya alikuwa upande wetu mwanzo hadi mwisho. Hilo limekwisha.

La Kirua halijaisha, ndilo limeanza. Aminieli ameipata barua yako na ameipeleka kwa wazee. Wanasema umevunja isale. Wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi, kihambani kwako, na inasemekana watazungumza habari za nyumba na za shamba. Wewe umeitwa. Usipofika wataamua bila wewe.

Nilitaka kumficha Elifuraha, nikakumbuka yaliyotufikisha hapa, nikamwambia. Unajua alichosema? "Nitakwenda. Nitawaambia mwenyewe." Nikamwambia watakukatiza, watasema watoto hawasemi kikaoni. Akasema anajua. Anatetemeka akisema hivyo, usidhani ni jasiri wa kwenye hadithi. Jana hakula kwa kuiwaza siku hiyo. Lakini hageuki.

Ameniomba nikuulize jambo moja, na amesema nisikushawishi. Anauliza kama utakuja, na kama ukija, akianza kusema, utafanya nini.

Elisifa


Tunduru
1 Julai 1998

Elisifa,

Barua hii naipeleka kwa mkono wa dereva wa misheni, itangulie mbele mimi nikifuata nyuma. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, ninakuja hivyohivyo.

Sikujua kwamba baba yake alimwambia asilale. Sikujua, mdogo wangu. Na mimi neno la kwanza nililomwambia ni kwamba alikuwa amelala.

Mwambie Elifuraha ninakuja. Wachukue nyumba, wachukue na migomba. Mwambie nitakaa chini karibu naye, na akitaka nikae mbali nitakaa mbali. Akianza kusema, wazee wakimwambia anyamaze, mimi ndiye nitakayesimama niwaambie kwamba mtoto huyu alikuwa macho, mwacheni aseme.

Mama yake,
Ndelilio